Aprili Imeliwa na Ukungu

Chumba changu ni kisogo cha nyumba.
Mzee Asangalwisye alichimba mteremko wa Isanga
akapata ukuta wa bure, wa jiwe na udongo,
akatia mlango mfupi na dirisha la shubiri mbili,
akasema, "Ingia, Mama Ndimi. Elfu ishirini na tano."
Nikauliza, hatuandikishani?
Alicheka hadi kofia ya sufu ikamdondoka:
"Mimi nipo juu, wewe upo chini.
Karatasi tuipitishie wapi?"

Tukapitisha mpini wa ufagio.
Mwisho wa mwezi nagonga dari mara tatu,
kigoda kinasukumwa, kandambili zinashuka mawe,
analamba kidole, anahesabu noti,
kisha anaokota kaa kwenye jiko langu
anauandika mwezi ukutani kwa mkono wake:
JENUARI. FEBUARI. MACHI yenye mkia.
Miaka minne. Ukuta ukajaa kama daftari la mangi.

Mwaka huu, Aprili, aliomba miezi sita kwa mkupuo.
Figo, alisema, na dawa hazikopeshwi.
Nikauza cherehani, nikabaki na mashine ya kufuma.
Akapiga magoti, maana nafasi ilibaki huko chini tu,
karibu na sakafu, akaandika hadi Septemba.
Juni tukamzika.

Matanga hayajaanuliwa, Lwitiko akaja kutoka Tunduma.
"Siku saba. Nataka stoo ya simenti."
Nimelipa hadi Septemba, nikasema.
"Mkataba uko wapi?"
Nikatazama dari
kama mtu anayemtafuta buibui.

Ofisi ya mtaa ina benchi moja na kalenda ya mwaka juzi.
Mwenyekiti Mwaisumbe alinisikiliza hadi mwisho.
"Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, mama.
Tatizo ni kwamba mdomo wenyewe tumeuzika."
Ushahidi upo, nikamwambia,
ila hauwezi kuja huku. Umeshikilia nyumba.

Basi akashuka yeye.
Akainama mlangoni, mtu mrefu yule, shingo ikamkubalia kwa shida,
akawasha tochi ya simu.
Machi ipo, na mkia wake.
Aprili imeliwa na ukungu.
Si ule wa Loleza, unaoshuka alfajiri
na kuondoka jua likiukaripia;
huu ni wetu wa ndani, mweusi, haujawahi kuliona jua.
Umelamba Aprili, umeng'ata Mei,
Julai umeibakizia LAI,
na pale penye Septemba pamesimama TEMBA peke yake,
kama jina la mtu.

"Unaona?" Lwitiko nyuma yake. "Makaa! Mtoto yeyote anachora."

Mwenyekiti hakumjibu.
Alibonyeza ukuta kwa dole gumba, akalinusa.
Akamtazama Ndimi anayekohoa juu ya hesabu zake.
"Mnalala humu?"

Hapo nikauona mtego, mdogo kama ule wa panya.
Nikisema ndiyo, nimeshinda: nakaa, nimelipa, nitambulike.
Nikisema ndiyo, nimeshindwa: ataitwa bwana afya,
na karatasi ya kwanza kuandikwa
kuhusu miaka yangu minne humu
itakuwa ile inayosema hapakaliki.

Nikasema ndiyo.

Akaandika. Kalamu ilikwama kwa baridi,
akaipulizia, akaandika tena.
Sikuona nini. "Jumatatu," akasema,
na kichwa akakigonga mlangoni akitoka.

Leo ni Ijumaa, mwisho wa mwezi.
Sweta ya shule ya mtoto wa watu ina mikono, kifua bado.
Sidaiwi kitu. Lakini mkono una mazoea yake:
umechukua ufagio wenyewe, ukageuza mpini juu,
ukagonga moja, mbili, tatu.

Viatu vya Lwitiko vilikuwa vinatembea.
Vimesimama.